Mtoto Hanunui Gemu, Analipia Mechi

Mjadala wa kuzuia watoto wasiuziwe gemu za mauaji ukianza, wengi huwazia duka lenye kabati la vioo na muuzaji anayedai kitambulisho. Mimi nina banda la gemu Temeke, na mtoto anayenunua gemu sijamwona. Anatoa jero, anashika pedi, anacheza. Gemu yenyewe imeingia kwenye mashine kutoka kwenye diski ya mtu, imenakiliwa. Ile alama ya miaka 18 iliyobandikwa na mfumo wa Ulaya wa kupanga gemu kwa umri, PEGI, kwenye kava la gemu ya uhalifu ya GTA V haijafika Temeke, kwa sababu kava halijafika. Mzazi akichungulia mlangoni hana cha kusoma.

Uingereza tangu 2012 ni kosa la jinai kumuuzia mtoto gemu ya PEGI 12, 16 au 18 ikiwa umri wake haujafika. Marekani mambo yalikwenda kivingine. California ilitunga sheria mwaka 2005, faini hadi dola 1,000 kwa anayemuuzia mtoto gemu za kikatili. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikaifuta, majaji saba kwa wawili, ikisema gemu zinalindwa na uhuru wa kujieleza kama vitabu. Jaji Scalia, aliyeandika hukumu, alikumbusha kuwa hata ngano za watoto zina ukatili: Hansel na Gretel wanamchoma mchawi kwenye tanuri. Kwa kweli hata zimwi letu linameza watoto wazimawazima. Ila bibi alikuwa anakutazama usoni, na ukianza kulia zimwi linauawa mapema. Mashine haimtazami mtu.

Wakati huohuo, tume ya Marekani inayosimamia haki za walaji, FTC, ilikuwa ikituma vijana wadogo madukani kujaribu kununua gemu za miaka 17 na kuendelea. Mwaka 2000 waliuziwa mara 85 katika kila 100. Kwenye ripoti ya mwaka 2013 zilibaki 13. Hakukuwa na sheria ya nchi nzima. Wenye maduka walianza kuuliza umri.

Sheria nikiletewa leo nitaiunga mkono. Lakini isiposema lolote kuhusu anayekodisha kwa mechi, huku kwetu itampita mtoto kwa juu. Kwa hiyo wewe mwenye banda mwenzangu anza mwenyewe. GTA, God of War na Mortal Kombat ziweke kwenye mashine moja tu, ile iliyo karibu na unapokaa, nyingine zibaki na mpira na magari. Skrini zielekee barabarani. Anayepita akiziona, nusu ya kazi imekwisha. Kama unatumia PS4, badilisha namba ya siri ya vizuizi vya umri, maana inatoka kiwandani ikiwa 0000 na watoto wa mtaani wanaijua kabla yako. Aliyevaa sare ya shule asiingie saa za masomo, hata kwa mpira.

Utapoteza wateja, sikufichi. Baadhi watahamia banda la jirani. Ila kuna akina mama ambao, wakishajua msimamo wako, wanawaleta watoto wenyewe Jumamosi na kulipia saa nzima.

Mzazi, usije kwangu na hofu kwamba mwanao atakuwa muuaji. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, kilisema mwaka 2020 kuwa ushahidi hautoshi kusema gemu zinasababisha vitendo vya kikatili. Kinachoonekana ni uhusiano mdogo na ukali wa kupiga kelele na kusukumana. Hivyo nimeviona, tena zaidi kwenye mpira, hasa wakiwekeana hela. Mimi najali kitu kingine: mtoto wa miaka tisa haelewi anachokitazama, na hana wa kumuuliza.

Njoo ukae dakika kumi, uone kinachochezwa. Muulize mwenye banda ni gemu gani mtoto wa umri wa mwanao haruhusiwi. Akisema zote ruksa, tafuta banda lingine.

Simu nayo usiisahau. Kwenye Play Store unaweza kuweka kizuizi cha umri kwa namba ya siri, lakini kinazuia yanayopakuliwa hapo tu. Gemu aliyorushiwa na rafiki kwa Xender inapita pembeni, kwa hiyo fungua orodha ya programu zake mara kwa mara, mkiwa wote wawili.