Bosi anataka "North" iwe na N kubwa kila mahali

SWALI: Mwalimu, pole na kazi. Niko hapa Kampala kwa kampuni ndogo ya kutembeza watalii na mimi ndiye naandika ratiba za safari tunazowatumia wageni kwa imeli. Kila nikiandika "we drive north from Kampala" bosi ananirudishia ameweka N kubwa, anasema hilo ni jina la upande, lazima lianze na herufi kubwa kama Monday. Nani yuko sawa? Halafu juzi mgeni ameuliza kama mbuga ya Kidepo iko South Sudan, eti tumeandika iko "to the north-east of Uganda". Tafadhali tusaidie.
Msomaji, Kampala

JIBU: Ndugu yangu, uko sawa wewe, ila bosi usimcheke sana, maana Kiingereza chenyewe hakieleweki hapo: Monday na July zinapewa herufi kubwa, lakini summer na winter hapana, na pande za dira ziko kundi moja na summer. North, south, east, west zikionyesha tu unaelekea wapi ni herufi ndogo. Ukishindwa kuamua, toa "north" weka "left" uone kama sentensi bado inasimama. "We turn left", inasimama, basi "we turn north" ni n ndogo na kesi imeisha.

Herufi kubwa inakuja pale neno limekuwa sehemu ya jina la mahali au la kitu. Northern Bypass ni jina la barabara, South Sudan ni nchi, Western Region iko hivyo kwa karatasi za serikali, East African Community vilevile. Chukua hii uweke kwa ratiba yenu ya Arua: "After Karuma bridge we head west, cross the Nile at Pakwach and enter West Nile." Sentensi moja, west mbili, ya kwanza ni dereva anakata kona, ya pili ni jina la eneo zima, na hakuna mtu anaweza kuandika west Nile na w ndogo labda awe na haraka.

Sasa "northern Uganda" ndio watu wanagombania, utaona gazeti moja linaandika Northern lingine northern, na yote mawili yanakubalika kwa sababu wengine wanaliona kama jina la eneo lenye watu wake na historia yake, wengine wanaona ni maelezo tu ya sehemu ya nchi. Mimi ningechagua moja na kukaa nayo kwa ratiba nzima, kinachochosha msomaji ni kuona N kubwa ukurasa wa kwanza na n ndogo ukurasa wa pili. "The West" ya Ulaya na Marekani nayo ni kubwa siku zote. Na muwe makini na "Westerner", hapa kwetu tukisema hivyo mara nyingi tunamaanisha mtu wa Mbarara na kule, lakini mgeni wenu kutoka Chicago atadhani mnamsema yeye!

Ya Kidepo ndiyo ingenisumbua mimi kuliko hata hizo herufi. "In the north-east of Uganda" ni ndani ya mipaka, "to the north-east of Uganda" umeshatoka nje, kwa hiyo mgeni alisoma vizuri kabisa, nyinyi ndio mlimvusha mpaka bila viza. Kenya iko to the east of Uganda, Mbale iko in the east. Bwindi andikeni in the south-west, Murchison Falls in the north-west. Na ile "we are going to north" muifute kabisa, ni "we are going north", au kama mnaipenda hiyo "to" basi "to the north".

Kistari cha north-east ni mtindo wa Uingereza ambao ndio tunaufuata mashuleni, Wamarekani wanaunganisha northeast, hakuna mgeni atalalamika.

SWALI: Mwalimu, mtoto wangu amechora ramani akaweka n ndogo juu ya mshale wa dira, amekatwa maksi. Si umesema ni herufi ndogo?
Mzazi, Tororo

JIBU: Mama au baba, maksi zimekatwa kwa haki. Neno likiandikwa lote ni dogo, likifupishwa ni kubwa daima: N, S, E, W, hata NE na SSW, na hayahitaji nukta katikati. Ndivyo ilivyo hata kwa digrii za ramani, Kampala iko karibu 0.3° N na 32.6° E.