Kabla ya kuachia mshale, tazama mbuzi ataangukia wapi

Siku ya nne kisiwani Kodiak, Alaska, rafiki yangu alikuwa amebakiza hatua kama thelathini kumfikia beberu, mbuzi dume wa milimani, tuliyemfuata tangu alfajiri. Upinde ulishavutwa. Mimi nilikuwa ng'ambo ya bonde na darubini, nikaona asichokiona yeye: mita mbili nyuma ya yule mbuzi kulikuwa na genge tupu, ukuta wa mwamba uliosimama wima. Nikainua mikono yote miwili. Akalegeza upote, yaani uzi wa upinde, na beberu akaenda zake.

Usiku ule hatukusemeshana sana. Alikuwa amepanda kwa muda wa saa sita kwa ajili ya mshale mmoja, namwelewa.

Lakini ukienda na mwenzako kuwinda mbuzi wa milimani kwa upinde, hili ndilo la kukubaliana mkiwa bado nyumbani: anayetazama kwa mbali ana haki ya kumzuia anayelenga. Na iwe kwa ishara za mikono, maana sheria ya Alaska hairuhusu kuelekezana windoni kwa redio. Mbuzi huyu ni mgumu. Hata mshale ukipita mapafuni hubaki na nguvu za kutembea kidogo, na kimbilio lake ni genge. Akiporomoka, pembe huvunjika na nyama hupondeka, nawe sheria inakudai uitoe mlimani nyama yote inayolika. Utaishukia kwa kamba gani?

Kumfikia, mtokee kwa juu, kwa kuwa yeye hutazamia hatari itoke chini. Mchana jua likipasha mteremko, hewa hupanda, na harufu yako haimfikii. Jioni hewa hugeuka ikashuka. Sisi saa hizo tuliacha.

Jinsia isikupotoshe. Dume na jike wote wana pembe. Za beberu ni nene shinani, karibu zigusane, na hupinda polepole. Za jike ni nyembamba, zina mwanya katikati na kona karibu na ncha. Jike huanza kuzaa akiwa na miaka minne au mitano, kwa kawaida mtoto mmoja, hivyo kumuua jike ni kulikata kundi. Mbuzi wa Kodiak wote wametokana na 18 walioletwa mwaka 1952 na 1953. Tazama hadi uwe na uhakika, hata kama ni saa nzima.

Nguvu ya kuvuta upinde isipungue pauni 50, na ujizoeze kulenga ukiwa juu ya kilima, si uwanjani tu. Mgeni kutoka nje ya Marekani asiye mkazi wa Alaska lazima awe na kiongozi wa uwindaji mwenye leseni.

Siku ya sita tulimpata beberu mwingine, peke yake kwenye nyasi tambarare. Safari hii mikono yangu ilibaki chini. Alitembea hatua chache akalala. Tulibeba kwa awamu mbili, nyama kwanza, kichwa mwisho, tukiimba kwa sauti vichakani ili dubu watusikie, kisha tukachoma mbavu mvua ikinyesha.