Kisu cha kukunja cha zaidi ya shilingi milioni moja na nusu za Uganda: kwa mtu wa kazi, kinafaa?

Ndugu yangu wa Mbarara, umeuliza kama Sebenza, kile kisu cha kukunja cha mtengenezaji Chris Reeve wa Marekani, inastahili bei yake. Umesema akiba unayo, una ng'ombe na shamba, na unataka kisu kimoja cha kukunja utakachokaa nacho miaka yote. Walionitangulia wamekujibu kwa mkato kwamba hiyo ni pesa ya mbuzi kadhaa na kwamba kisu ni kisu tu. Siafikiani nao. Kisu si kisu tu, na mtu anayekitumia kuanzia asubuhi mpaka jioni anajua. Hata hivyo sitakwambia uagize kesho, kwa sababu kuna swali ambalo hakuna aliyekuuliza: nani atakinoa?

Nijitambulishe kidogo ujue naongea nikiwa wapi. Nafunga sola, makao yangu ni Tororo, na kazi inanizungusha Busoga, Teso na Karamoja. Kisu changu kinakata maboksi ya paneli, kinachuna maganda ya waya, kinakata kamba za manila na vifungo vya plastiki, na saa ya chakula kinamenya nanasi. Nimetumia kisu cha kukunja cha Victorinox, nikatumia cha Opinel, kisha nikanunua Spyderco Paramilitary 2 kwa pesa yangu mwenyewe kupitia binamu aliyeko Dubai. Sebenza si yangu. Ni ya bosi niliyefanya naye kazi muda mrefu, lakini tulikuwa tunapokezana kiasi kwamba naijua vizuri, nimeifungua na nimeinoa.

Sasa turudi kwenye kunoa, maana hapo ndipo pesa yako itapona au itapotea.

Kinachofanya visu hivi viwe ghali, kabla ya jina, ni chuma chake. Chuma cha kawaida kinayeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu, na kinapopoa polepole chembe ngumu zilizomo zinakusanyika mabonge mabonge. Hiki cha ghali kinapulizwa kwa gesi kingali kimiminika mpaka kinakuwa unga, halafu ule unga unashindiliwa kwa joto na mgandamizo mkubwa mpaka unashikana upya. Chembe ngumu zinabaki ndogo na zimesambaa sawasawa. Chuma cha S30V, kilichomo kwenye Paramilitary yangu, kilitoka mwaka 2001 katika kampuni ya Crucible ya Marekani, na Chris Reeve mwenyewe alichangia mawazo wakati kinabuniwa. Sebenza za sasa zinatumia MagnaCut, kazi ya mtaalamu wa vyuma Larrin Thomas, iliyotoka mwaka 2021. Sifa yake kubwa ni kwamba kinakaa na makali, hakivunjiki ovyo na hakishiki kutu kirahisi, vyote kwa pamoja. Kwa kawaida ukipata kimoja unapunguza kingine.

Kazini tofauti inaonekana. Boksi la karatasi ngumu linamaliza makali kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ndani ya karatasi ile kuna vumbi na mchanga laini. Victorinox, ambayo ugumu wake ni kama 55 au 56 kwa kipimo cha Rockwell, nikifungua nayo maboksi ya paneli asubuhi, mchana inaanza kurarua badala ya kukata. S30V, yenye kama 60 hivi, inaendelea siku nyingi kabla sijaigusa na kinoo.

Lakini siku itafika makali yaishe, na hapo ndipo utaona ulichonunua. Ndani ya S30V na MagnaCut kuna metali iitwayo vanadiamu, na chembe zake ni ngumu kuliko mawe mengi ya kunolea tunayoyapata kwenye hadiwea zetu. Unasugua na kusugua kwenye jiwe la kawaida, jiwe linalika na kisu kinabaki vilevile au kinapata makali nusunusu. Kinachotakiwa ni kinoo cha almasi, yaani bamba la chuma lililopakwa chembe za almasi. Siku hizi vya Kichina vipo na si ghali, lakini lazima uwe nacho wewe mwenyewe na ujue kukitumia.

Maana ukimpelekea mnoaji wa sokoni, umekwisha. Wale vijana ninawaheshimu. Panga na jembe wanavitengeneza vizuri kabisa, na kisu cha bucha pia. Lakini jiwe lao linazunguka kwa kasi na halina maji. Nimesimama pembeni nikamwangalia mmoja akinoa kisu kizuri cha mteja: cheche zinaruka, anakisukuma kwa nguvu, na pale karibu na ncha, mahali bapa la kisu lilipo jembamba, chuma kikageuka rangi ya majani makavu, halafu samawati. Ile samawati maana yake chuma kimepata joto kupita kiasi na ugumu wake umeondoka pale. Kisu kilirudi kwa mwenyewe kikikata hata karatasi, akafurahi, akalipa. Baada ya muda mfupi ncha ikawa inajikunja kama kopo. Kisu cha elfu kumi kikiharibika hivyo unanunua kingine. Sebenza ikiharibika hivyo ni zaidi ya milioni moja na nusu, kwa sababu kule Marekani bei yake inapita dola 400 kabla hujalipa usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: nunua kinoo cha almasi kabla ya kisu. Kaa nacho msimu mzima, ukinoa visu vya jikoni kwako mpaka mkono ushike pembe moja bila kuyumba. Ukiona kazi hiyo inakuchosha, usinunue chuma kigumu, kitakutesa. Ukiona unaipenda, endelea kunisoma.

Jambo la pili ni loki, na hapa sina mzaha. Ukinunua kisu cha kukunja cha bei ya chini sana, usiangalie makali, angalia kile kinachozuia bapa lisirudi mkononi mwako. Tulikuwa na kijana mmoja kazini Soroti, alikuwa na kisu cha sokoni kinachong'aa, kina hata picha ya simba kwenye mpini. Alikuwa anatoboa ganda la kebo nene, akasukuma kwa mbele, ncha ikakwama, bapa likajifunga juu ya vidole vyake. Alishonwa, na kidole kimoja mpaka leo hakikunji vizuri. Kile kisu nilikichukua nikakitazama: kile kibati cha ndani kinachotakiwa kukinga kisigino cha bapa kilikuwa chembamba na kilikuwa kinagusa ukingoni tu.

Loki ya Sebenza, Chris Reeve ndiye aliyeibuni: upande mmoja wa mpini wenyewe, wa metali nene ya titani, umekatwa ili ujisogeze ndani na kukaa nyuma ya bapa. Ukikishika kwa nguvu, vidole vyako vinaikaza zaidi. Leo imeigwa kila mahali, hata kwenye visu vya bei nafuu, na baadhi ya hivyo vya kuigwa si vibaya. Ile ya Paramilitary iko mgongoni mwa mpini, unaifungua kwa kidole bila kupitisha kidole mbele ya makali. Nikiwa juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika waya, mwingine unafungua kisu kwa lile tundu la duara la Spyderco na kukifunga tena, hapo sioni kama nililipa sana.

Namna ya kupima loki ukiwa dukani: fungua kisu, kishike ubavuni vidole vikiwa mbali na njia ya bapa, halafu gandamiza mgongo wa bapa taratibu kwenye ukingo wa meza. Kikilegea, kirudishe. Kisha shika ncha utikise kushoto na kulia. Kisu kizuri hakichezi.

Kuhusu vumbi. Wewe Mbarara una tope na vumbi, mimi nina vumbi la Moroto, na vumbi linaingia kwenye ekseli ya bapa, yaani ile pini ambayo bapa linazungukia. Visu vingi vya kisasa vya bei ya kati vina vigololi vidogo kwenye ekseli ili vifunguke kwa mteremko, na watu wanavipenda kwa sababu ya mlio na kasi. Kwa mtu wa shamba mimi sivipendekezi. Mchanga ukiingia kati ya vigololi unasikia kisu kinasaga. Sebenza haina vigololi, ina vipete vyembamba vya shaba, na imetengenezwa ili mwenyewe aifungue. Niliwahi kuifungua Kotido jioni, juu ya kitambaa cheupe, nikatoa matope mekundu, nikapaka mafuta kidogo, nikaifunga, na bapa likarudi katikati kama lilivyokuwa. Hicho ndicho kitu ninachokiona kweli kwenye bei ile, kuliko titani na kuliko jina. Kiwanda kiko Boise, Idaho, na wewe uko Mbarara. Kisu unachoweza kukihudumia mwenyewe kina thamani kubwa kwako kuliko kwa Mmarekani anayekirudisha kwa posta.

Mengine yaliyobaki ndani ya bei ni ufundi wa mkono na umaridadi. Ni halali kuvilipia kama unavipenda, ila ng'ombe hawatajua.

Kama bajeti inakubana, usidharau vya chini. Opinel namba 8, kisu cha Wafaransa wa Savoie kilichoanza mwaka 1890, kina bapa jembamba la sentimita 8.5 linalokata matunda na nyama kuliko Sebenza. Nasema kuliko, kwa sababu Sebenza na Paramilitary ni nene mgongoni, na unene unapasua nanasi badala ya kulikata. Pete yake ya chuma inayofunga bapa, waliyoiongeza mwaka 1955, ni rahisi na haidanganyi. Tatizo lake kwetu ni mvua. Mpini ni wa mti, na masika ukivimba bapa halitoki. Itabidi ugonge kitako cha mpini kwenye kitu kigumu mpaka lichomoze. Pia ile ya chuma cha kaboni inageuka nyeusi kwa ndimu na nanasi, kwa hiyo chukua isiyoshika kutu. Na fenesi usilikate na kisu chochote cha kukunja. Utomvu ukiingia kwenye ekseli utakaa unausugua kwa mafuta siku nzima. Fenesi ni la panga au kisu cha jikoni kilichopakwa mafuta.

Victorinox nayo, ile kubwa ya milimita 111 yenye loki, ina msumeno na bisibisi, na chuma chake unakinoa kwenye jiwe lolote kwa muda mfupi. Kwa mtu asiyetaka mambo ya almasi, hiyo ndiyo ningemnunulia, na asingekosa chochote cha maana.

Sasa kwako wewe. Kazi zako, kwa ulivyoeleza, ni kamba, magunia ya pumba, mipira ya maji, na chupa za dawa za ng'ombe. Kwato usizikate na kisu hiki. Zina visu vyake vyenye ncha iliyopinda. Seng'enge pia usiiguse, chuma kigumu kinameguka makali kikikutana na waya. Kwa kazi hizo kisu cha daraja la Paramilitary, karibu nusu ya bei ya Sebenza au chini yake, kitakupa karibu kila kitu: chuma kizuri, loki ya kuaminika, kufungua kwa mkono mmoja. Mimi ningesimama hapo, na nimesimama hapo. Ukivuka kwenda Sebenza, unalipia urahisi wa kukihudumia na uimara wa miaka mingi sana. Ikiwa kunoa unakujua, pesa haitoki kwenye karo ya watoto, na wewe si mtu wa kuangusha vitu porini, basi nunua na moyo wako utulie. Hakitakuangusha. Lakini yakikosekana hata mawili kati ya hayo matatu, chukua Victorinox na kinoo, na kinachobaki kiweke kwenye mifugo.

Ukiamua kununua, jihadhari na feki. Kampala nimeonyeshwa “Sebenza” kwa bei ya chakula cha siku chache, na jina limechongwa vizuri. Nenda na kasumaku kadogo: fungua kisu, na sumaku ikishika ubavu wa mpini, mbali na bapa na skrubu, hiyo si titani, ondoka. Isiposhika bado si uhakika, kwa hiyo agiza kwa muuzaji anayetambuliwa na kiwanda. Kumbuka pia kwamba milangoni mwa maduka makubwa Kampala wanakagua, na askari atakuambia ukiache kwake. Mimi siku ninayokwenda mjini nakiacha kwenye boksi la vifaa ndani ya gari. Na kama anayekuletea anakuja kwa ndege, mwambie mapema akiweke kwenye begi linaloingia chini ya ndege, kwa sababu kwenye begi la mkononi watakichukua kabla hata hajapanda.