Muulize Wazi: Majibu ya Barua za Wasomaji wa Mtwara na Lindi

Tarehe 10 Septemba ni Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani, na imekuwa hivyo tangu mwaka 2003. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hicho ni chanzo cha tatu cha vifo. Huku kwetu kusini, Septemba ni mwezi ambao korosho bado changa mtini na madeni ya msimu yameshaiva. Tumechagua barua tano. Majina ya walioandika tumeyaondoa.

SWALI: Kijana wangu ana miaka 24. Alichukua pesa za kangomba, yaani malipo ya korosho ambazo bado ziko mtini, akazimalizia kwenye kubeti, sasa anaogopa msimu ufike. Juzi amempa mdogo wake simu na jezi zake zote, akasema, "Karibu nitawapumzisha." Majirani wananikataza nisimtajie habari ya kujiua, eti nitamtia wazo kichwani. Nifanyeje? (Mama, Tandahimba)

JIBU: Mama, mtajie, tena leo hii. Hofu ya majirani ni ya kawaida lakini haina ukweli. Tafiti zilizofanywa juu ya jambo hili zimeonesha kuwa kumuuliza mtu waziwazi hakumpi wazo hilo. Wengi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna wa kumwambia. Kijana anayegawa vitu vyake na kuaga kwa mafumbo ameshalibeba wazo hilo siku nyingi.

Mchukue pembeni, mahali wadogo zake hawasikii, simu ikiwa kando. Anza na ulichokiona kwa macho: "Mwanangu, umempa mdogo wako simu, na umesema utatupumzisha. Nimeogopa. Unawaza kujiua?" Litaje kwa jina lake. Ukimuuliza, "Huwazi mambo ya kijinga, eti?" umeshamwekea jibu mdomoni, atasema hapana ili akuridhishe.

Akikubali, usiishie hapo. Muulize kama ameshafikiria namna, kama alichokusudia kukitumia kipo karibu, na kama amejiwekea siku. Anayesema, "Natamani tu nilale nisiamke," anahitaji kuonwa na mtaalamu siku chache zijazo. Mwenye namna, kitu na siku ni wa dharura: asiachwe peke yake hata dakika moja, hata chooni mtu awe karibu na mlango, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Ikiwa ni usiku na usafiri hakuna, kaeni naye kwa zamu hadi asubuhi, na kile alichokitaja kitoke kwenye nyumba kabisa. Kukificha darini hakutoshi.

Mambo matatu huharibu mazungumzo haya. La kwanza ni kumkaripia kwa dhambi na aibu kabla hajamaliza kusema. La pili ni kumwapisha, kwa Msahafu au kwa Biblia, kwamba hatafanya. Kiapo humtuliza anayeapisha, mwenye mawazo hubaki nayo, na sasa hawezi hata kukwambia kuwa yamerudi. La tatu ni kuita kikao cha ukoo usiku uleule. Mjomba wake aitwe, ndiyo, maana kwa watu wengi wa huku mjomba husikilizwa kuliko baba. Lakini aje peke yake, na suala la deni lisifunguliwe usiku huo. Deni lina siku yake: mjomba ndiye azungumze na mdai, kijana asitumwe.

Na mkifika mapokezi, semeni maneno haya: "Mgonjwa wetu amesema anataka kujiua, tunaomba aonwe leo." Familia nyingi huona haya, zikasema, "Hapati usingizi, kichwa kinamuuma," na mgonjwa hurudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Anzeni hospitali ya wilaya. Ya rufaa ya mkoa kwa Mtwara ni Ligula, kwa Lindi ni Sokoine. Ipo pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara, na za misheni Ndanda na Nyangao.

SWALI: Pembejeo za ruzuku, yaani dawa za kupulizia na salfa, zikija kwa mkupuo, kila mwanachama hubeba zake nyumbani, na wengi huziweka mvunguni mwa kitanda. Baada ya msiba uliotokea kijijini tumefikiria kununua masanduku ya kufuli tumgawie kila mkulima. Yatasaidia? (Katibu wa chama cha msingi cha ushirika, wilaya ya Masasi)

JIBU: Ndugu katibu, nia ni njema, lakini pesa hizo tungezielekeza kwingine. Sri Lanka walilijaribu jambo hilihili katika vijiji 180. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: kaya zilizopewa masanduku hazikuwa na nafuu yoyote kuliko zisizopewa. Sababu si ngumu kuikisia kwa anayejua nyumba za wakulima. Sanduku limo ndani ya nyumba, ufunguo unaning'inia kwenye msumari ambao hata mtoto anaujua, na baada ya wiki kadhaa za kupulizia mkulima anachoka kufunga na kufungua.

Kilichoisaidia nchi hiyo ni serikali kuviondoa sokoni viuatilifu vyenye sumu kali zaidi. Kati ya mwaka 1995 na 2015 vifo vya kujiua vilipungua kwa takriban asilimia 70. Kupiga marufuku si kazi ya chama cha msingi, lakini somo lake linafaa kijijini pia. Wimbi la kutaka kujiua kwa wengi huwa kali kwa muda mfupi, pengine dakika chache au saa chache, kisha hushuka. Kitu kikiwa mbali, wimbi linapita mtu akiwa bado njiani. Wapo wanaosema mtu akikosa hiki atatafuta kingine. Baadhi hufanya hivyo; wengi hawafanyi, na takwimu za Sri Lanka zinalionesha hilo.

Tungependekeza hivi. Dawa za maji na salfa zikae ghalani kwa chama, chumba cha peke yake chenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mtunza ghala na wa pili kwa mjumbe wa bodi, ili asiwepo wa kufungua akiwa peke yake. Mkulima achukue kinachotosha duru moja ya kupulizia, aandikwe daftarini tarehe na kiasi, na arudishe kilichobaki jioni ileile. Lawama zitakuwepo kwa wenye mashamba ya mbali; kwao wekeni siku maalumu za kutoa dawa, mtunza ghala awepo tangu alfajiri.

Chupa tupu zitobolewe na kurudishwa chamani. Kumimina dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda kupigwe marufuku kabisa, kwa ajili ya watoto pia. Na mtunza ghala afundishwe kitu kimoja zaidi: mwanachama anayekuja kuchukua dawa nje ya msimu, au aliyelewa, au mwenye uso wa mtu aliyelia, asipewe. Aambiwe ghala limefungwa, kisha apigiwe simu ndugu yake. Huko si kuingilia mambo ya watu.

SWALI: Shemeji yangu alikunywa dawa ya kupulizia. Tulipoteza muda mwingi: mmoja anataka apewe maziwa, mwingine anasema tusimpeleke popote kabla ya PF3, ile fomu ya polisi, kwa sababu kujiua ni kosa na atakamatwa. Alipona, lakini tunataka kujua ilipasa tufanye nini. (Msomaji, Lindi mjini)

JIBU: Ilipasa muwe njiani ndani ya dakika tano. Asipewe maziwa, mafuta, maji ya chumvi wala kitu kingine cha mdomoni, na asitapishwe. Anayetapika akiwa amelegea huvuta matapishi mapafuni, na hilo laweza kumuua hata pale ambapo sumu yenyewe ingetibika. Mvueni nguo zilizolowa dawa na muoshe ngozi kwa maji mengi. Anayemshika avae glovu au mifuko ya plastiki mikononi, kwa kuwa baadhi ya dawa hupenya ngozi. Mlazeni ubavu wa kushoto, kichwa kikiwa chini kidogo. Kama amelegea, bodaboda haifai hata akishikiliwa mshikaki. Tafuteni bajaji au gari alale. Chupa au lebo ya dawa iende naye ndani ya mfuko uliofungwa, maana tiba hutegemea aina ya sumu. Hata akionekana mzima, mpelekeni, kwa sababu zipo sumu zinazochelewa kuonesha madhara.

Kuhusu PF3: mgonjwa aende hospitali moja kwa moja, na mtu mwingine apitie polisi kuifuata fomu.

Kuhusu sheria, ni kweli kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Ghana ilifuta kosa la namna hiyo mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu chao kinakiuka katiba. Sisi tunaona kifungu hiki hakimzuii mtu kujiua. Kinawazuia tu ndugu zake kusema ukweli. Familia humwambia daktari kuwa amekunywa kwa bahati mbaya, daktari anatibu tumbo, na hakuna anayemuuliza mgonjwa kwa nini alitaka kufa. Semeni ukweli kwa anayemtibu. Mtu aliyejaribu mara moja yuko kwenye hatari kubwa ya kujaribu tena kuliko mtu ambaye hajawahi.

SWALI: Mwanafunzi wetu wa kidato cha tatu amejiua wakati wa likizo. Mkuu wa shule anataka tukusanye shule nzima tuwaeleze kilichotokea ili liwe funzo. Ni sahihi? (Mwalimu, Kilwa)

JIBU: Mwalimu, mkusanyiko wa shule nzima hapana. Wapewe taarifa darasani, kila darasa na mwalimu wake, kwa maneno machache yanayofanana: mwenzetu amefariki, amejiua, tuna huzuni, mwenye mzigo moyoni yupo fulani wa kumwona. Namna alivyojiua isitajwe, mahali pasitajwe, barua kama aliiacha isisomwe. Asisemwe vibaya, na asifanywe shujaa kwa fulana zenye picha yake. Vijana huigana katika jambo hili, na anayevutwa zaidi ni yule anayejiona anafanana na marehemu.

Kisha andikeni orodha: marafiki zake wa karibu, aliyekaa naye dawati moja, mpenzi wake kama alikuwepo, aliyegombana naye, na yeyote aliyewahi kujaribu. Hao waonwe mmoja mmoja ndani ya wiki ya kwanza. Watoto wajulishwe namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, kupiga ni bure. Kwa hatari ya papo hapo ni 112. Mwito wa kuwachapa "wanaojifanya kuiga" tumeusikia mahali pengine. Usikubaliwe.

SWALI: Mdogo wangu wa kike alijaribu kujiua, amelazwa, sasa ametoka na dawa za sonona. Wiki ya kwanza alikuwa analia, leo ghafla amechangamka, anasema yuko sawa. Tumerudi kwenye shughuli zetu. Bado tuna la kufanya? (Kaka, Nachingwea)

JIBU: Rudini kwanza nyumbani, angalau mmoja wenu. Wiki na miezi ya mwanzo baada ya kutoka hospitali ni kipindi cha hatari kubwa. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi vizuri, kwa hiyo uchangamfu wa ghafla wiki ya pili usiupokee kwa sherehe. Huenda ni nafuu ya kweli, huenda ameshakata shauri na moyo umetulia kwa sababu hiyo. Namna ya kutofautisha ni kumuuliza, kama tulivyomwambia yule mama wa Tandahimba.

Vidonge avitunze mtu mzima mwingine, apewe vya siku moja. Mwombeni daktari awape vya wiki moja au mbili badala ya vya mwezi. Asiviache mwenyewe anapojisikia vizuri. Kuacha ghafla humrudisha nyuma.

Halafu kaeni naye mwandike mpango wa usalama. Ni nusu karatasi ya daftari, na aandike yeye kwa mwandiko wake. Juu kabisa aweke dalili zake mwenyewe kwamba wimbi linakuja: mmoja ataandika "nakosa usingizi siku mbili", mwingine "nazima simu". Chini yake aandike anachoweza kufanya peke yake kwa nusu saa, mfano kuoga, kuswali au kusali, kutwanga, kutembea hadi kwa jirani. Kisha nani wa kukaa naye bila hata kuzungumzia tatizo, nani wa kuambiwa ukweli, jina na namba ya mhudumu wa kliniki, na mwisho vitu gani vimeondolewa nyumbani na viko kwa nani. Pasiwepo jina la mtu ambaye hajaulizwa. Tumeona karatasi zenye namba ya shangazi asiyejua kuwa yumo. Nakala moja aiweke ndani ya kava la simu, nyingine abaki nayo yule anayeshika dawa. Kila tarehe ya kliniki iangalieni upya, mfute kisichosaidia.