Morgon: maswali yenu kuhusu mvinyo usiotiwa hamira ya dukani

Nasikia mvinyo mwekundu wa Morgon wa Marcel Lapierre hautiwi hamira. Sasa unachachukaje? (Msomaji, Arusha)

Hamira ipo, ila hainunuliwi. Inaishi kwenye maganda ya zabibu na humo humo ghalani. Lapierre alichukua shamba la familia huko Villié-Morgon, kaskazini mwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1973. Baadaye alikutana na Jules Chauvet, mwanakemia na mfanyabiashara wa mvinyo, akaachana na dawa za shambani na hamira ya viwandani. Vichala vya zabibu aina ya Gamay huingia tangini vizima, pamoja na vikonyo vyake. Zabibu za chini hupasuka kwa uzito, zikaanza kuchachuka na kutoa hewa ukaa. Hewa hiyo ikishajaza tangi, zile za juu ambazo hazijapasuka nazo huanza kuchachuka, kila moja ndani ya ganda lake. Ndiyo maana mvinyo huu unanukia matunda na ukakasi wake ni mdogo.

Kwa hiyo mkulima anakaa tu na kusubiri? (Msomaji, Nairobi)

Hata kidogo, na naomba tuiache dhana hii kabisa. Asiyetegemea salfa (salfaiti, kemikali ya kuhifadhi mvinyo) hana kinga nyingine zaidi ya usafi na macho yake. Zabibu huchumwa kwa mkono, zilizooza hutolewa kabla hazijafika tangini, na tangi lenyewe husuguliwa hadi litakate. Chauvet alikuwa mtu wa maabara, akifuatilia vijidudu kwa makini. Lapierre alifariki mwaka 2010, na watoto wake wanaendelea na kazi hiyo ngumu.

Chupa imeandikwa "ina salfaiti". Nimeuziwa uongo? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Hamira yenyewe hutoa salfaiti kidogo, na sheria ya Ulaya inataka iandikwe ikizidi miligramu 10 kwa lita. Mvinyo mwekundu mkavu (usio mtamu) wa kawaida unaruhusiwa kufika 150.

Ni kweli Gamay ilipigwa marufuku? (Msomaji, Dodoma)

Kweli. Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philippe le Hardi, aliamuru ing'olewe. Watu wa Beaujolais, eneo ilipo Morgon, wakabaki nayo, na ukionja ya mlima wa Côte du Py, huko huko Morgon, utawashukuru.

Shemeji aliniletea chupa ya mvinyo huu kutoka Ufaransa. Iko juu ya kabati la jikoni tangu Krismasi. Bado nzuri? (Msomaji, Dar es Salaam)

Dada, ishushe leo. Mvinyo wenye salfa kidogo hauvumilii joto. Unataka kukaa chini ya nyuzi 14 hivi. Itie kwenye friji, uitoe nusu saa kabla ya kunywa. Mashapo ya chini yasikutishe, kwa kuwa haukuchujwa. Mimina taratibu tu. Ukinusa siki, usiwape wageni, pikia nyama ya ng'ombe. Ukinusa cheri na udongo mbichi, choma kuku na umwite shemeji.