Kuingiza pamu kubwa ndani msimu wa kusi: mwanga kwanza, maji baadaye

Aliyeuliza ana pamu mbili aina ya areka za mita mbili na nusu, pamu moja ya mkia wa samaki na mkindu mchanga, zote kwenye roshani ya ghorofa ya nne huko Nyali, Mombasa, upande unaotazama bahari. Kusi imeshika, makuti yanachanika, ncha zinaungua kwa chumvi, na anataka kuziingiza ndani mpaka upepo utulie. Alifuata video ya Ujerumani inayosema mbolea isimamishwe, maji yapunguzwe mpaka udongo ukauke, na mti ukae chumba chenye baridi. Wiki tatu zimepita na makuti yamegeuka manjano.

Ushauri ule una maana yake kule kwao. Wao huingiza mti ndani kwa kuogopa barafu, na zile aina zinazovumilia baridi huwekwa mahali pa ubaridi makusudi ili zisimame kukua, kwa sababu mti uliosimama hauhitaji mwanga mwingi. Sisi mwezi wa saba usiku ni nyuzi 20 na kitu, mchana 27 au 28. Pamu haisimami kwa joto hilo. Itaendelea kusukuma makuti mapya, na kila kuti linalotoka linadai mwanga. Kwa hiyo Mombasa kinachoamua kila kitu ni mwanga. Jua kwanza mti unapata mwanga kiasi gani pale ulipo, ndipo upime maji na mbolea. Ukianza na maji utakuwa unakisia tu.

Kabla ya hapo, chagua kipi kiingie. Mkindu uache nje. Ni mti wa ukanda huu, unavumilia upepo wa chumvi, na ndani utadhoofika kwa kukosa jua. Tena vikonyo vyake vina miiba mirefu chini kabisa, karibu na shina, pale hasa mtoto anapopeleka mkono. Usogeze kwenye kona ya roshani, uuoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara moja kwa wiki, basi. Mnazi wa chunguni ni hivyo hivyo. Areka asili yake Madagaska na chumvi ya hewani haiiwezi sana, kwa hiyo ingiza. Mkia wa samaki nao ingiza, ila tazama shina lake: likianza kutoa maua kuanzia juu likishuka chini, shina hilo litakufa likimaliza kuzaa. Si ugonjwa, ndio maumbile yake, na machipukizi ya pembeni yataendelea. Matunda yake usiyashike kwa mkono mtupu, utomvu wake unawasha vibaya.

Sasa mahali pa kuweka. Hapa kwetu mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini, na kusi inapiga kutoka kusini na kusini-mashariki. Maana yake dirisha la kaskazini ndilo lenye jua na ndilo lililokingwa na upepo. Ni bahati, itumie. Lakini jua lenyewe liko juu sana: adhuhuri ya mwezi wa sita, dirisha ambalo ukingo wake wa juu uko mita mbili kutoka sakafuni linaingiza jua ndani mita moja tu, na kama juu yake kuna kibaraza halifiki hata hapo. Pamu iliyowekwa mita tatu kutoka dirishani, hata kama chumba chaonekana cheupe kwa macho yako, iko gizani. Macho ya mtu hujizoesha giza, kuti halina uwezo huo.

Njia ya kupima bila kifaa: saa sita mchana, shika karatasi nyeupe usawa wa makuti ya katikati, weka kiganja juu yake kama sentimita 30. Kivuli kikiwa na kingo kali, vidole vyahesabika, hapo areka itaishi vizuri. Kivuli kikiwa hafifu lakini umbo la mkono laonekana, areka itavumilia miezi mitatu minne kisha ianze kupukutisha; mahali hapo panafaa kentia au rapisi, pamu zinazovumilia kivuli. Kusipokuwa na kivuli kabisa usiweke pamu, weka taa au weka picha. Na ukitaka kununua nyingine ya kukaa ndani moja kwa moja, kentia ndiyo bora kuliko zote. Ni ghali kwa kuwa inakua polepole mno, lakini huko huko kukua polepole ndiko kunakoiwezesha kuishi na mwanga mdogo.

Usitoe mti roshanini leo ukaupeleka sebuleni leo. Kwa siku kumi hadi kumi na nne uweke kwanza ndani kidogo ya mlango wa roshani. Kuti lililokulia juani lina umbo la juani. Likitumbukizwa kivulini ghafla, mti huamua haliwezi kulipia gharama yake na kuliacha. Makuti mawili matatu ya chini yatakwenda hata ukifanya kila kitu sawasawa. Kinachotakiwa kuendelea ni mkuki, yaani kuti jipya lililo bado limefungika katikati. Utie alama ya kalamu kwenye usawa wa kuti la jirani. Ukipanda, hata kwa sentimita moja kwa wiki, mti uko salama hata kama chini kuna manjano.

Kuhusu kubeba. Chungu cha kipenyo cha sentimita 40 na kimo hicho hicho kina lita 50 hivi, na kikiwa kimelowa kinakaribia au kuvuka kilo 50 kabla hujahesabu mti. Acha kumwagilia siku tatu nne kabla. Kusanya makuti kuelekea juu, uyafunge kwa vipande vya kanga kuukuu kutoka chini ukizunguka kwenda juu, usitumie kamba ya nailoni kwa kuwa inakata. Ukipita mlangoni tanguliza chungu, makuti yafuate nyuma. Hivyo yanakunjika upande yanaopenda kukunjika. Usivute kwa shina, na mtu mmoja kazi yake iwe kushika pale makuti yanapoanzia, pasiyumbe. Pamu ina moyo mmoja tu kwa kila shina, pale juu makuti mapya yanapotokea. Ukivunjika huo, shina halichipui tena kama mwembe uliokatwa. Sakafuni tumia kibao chenye magurudumu manne, au gunia chini ya chungu mkavuta wawili.

Kabla haijavuka mlango, ioshe. Chumvi iliyoganda kwenye makuti haitaondoka yenyewe ndani ya nyumba, na wadudu waliokuwa wakizuiwa na upepo wataona wamepata pepo. Mwagia maji yasiyo na chumvi kwa nguvu chini na juu ya kila kuti, kisha pangusa kwa kitambaa kilicholowa, mkono mmoja ukishikilia kuti kwa chini.

Nije kwenye maji, kwa sababu ndipo pamu nyingi za Mombasa zinapofia. Maji ya visima vingi vya kisiwani na Nyali yana chumvi na chokaa, kwa kuwa mwamba wetu ni wa matumbawe. Nje, mvua za masika huosha chungu bila wewe kujua. Ndani hakuna mvua. Kila unapomwagilia, maji yanapaa na chumvi inabaki, mwezi hata mwezi, mpaka inaonekana kama unga mweupe kwenye ukingo wa chungu. Hapo ncha za makuti huanza kuwa kahawia, mtu anadhani mti una kiu, anaongeza maji yale yale, na anazidi kuuharibu.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, kila miezi miwili peleka chungu bafuni au roshanini, upitishe maji matamu polepole, angalau ujazo wa chungu chenyewe. Kwa chungu cha lita 50 ni mitungi mitatu ya lita 20, yote yatoke chini. Ya pili, kinga maji ya kiyoyozi. Yale yanayodondoka kwenye bomba la nje ni unyevu wa hewa uliogeuka maji, hayana chumvi, na kwa unyevunyevu wetu ndoo hujaa haraka. Fundi akishaosha mashine kwa dawa, mwaga maji ya siku mbili za kwanza. Na kwa sababu maji hayo hayana madini yoyote, usiyategemee peke yake bila mbolea. Maji ya mvua nayo ni mazuri, ila acha dakika kumi za mwanzo zioshe bati.

Kiasi: ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kukiwa kukavu hapo, mwagilia lita tano hadi saba kwa chungu cha lita 50, mpaka yatoke chini. Karibu na dirisha lenye jua itakuwa kila siku nne tano, penye kivuli hafifu kila siku nane hadi kumi. Kukausha udongo kabisa, kama alivyofanya muulizaji, kunaua mizizi myembamba inayonywa, na ikishakufa mti hauwezi kunywa hata ukiloweshwa. Ndiyo sababu ya ile manjano yake. Asiufurikishe sasa kufidia. Arudi kwenye kipimo cha kidole, akisubiri mizizi mipya kwa wiki sita hivi.

Sahani ya chini imwagwe nusu saa baada ya kumwagilia, kila mara. Mizizi inayokaa majini huoza, na mbu wa dengue hahitaji zaidi ya sahani moja iliyotulia wiki moja. Mombasa tumeshauguzana dengue vya kutosha.

Udongo ukiwa umeshikamana kama tofali, badilisha, ila fanya hivyo wiki mbili kabla ya kuhamisha, usifanye siku moja. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu mbili za makumbi yaliyokatwakatwa, moja ya mboji iliyoiva, moja ya mchanga mkubwa wa mtoni. Mchanga wa ufuoni una chumvi na chokaa, haufai. Makumbi yaloweke na kumwaga maji mara tatu, kwa sababu mara nyingi yamelowekwa kwenye maji ya bahari huko yanakotoka. Kuweka kokoto chini ya chungu hakusaidii maji kutoka, kunapunguza tu nafasi ya mizizi, na kokoto za matumbawe zinazidisha chokaa.

Kiyoyozi kisipulize kwenye makuti. Mita mbili nje ya njia ya hewa yake, na nyuzi 24 au 25 zinatosha mtu na mti. Pangaboi nalo: ncha ya kuti ikiguswa na upepo wake usiku kucha hukauka, na areka ya mita mbili na nusu chini ya dari ya mita tatu iko karibu mno na mapanga. Isogeze pembeni.

Hewa kavu ya kiyoyozi ndiyo inayoleta utitiri mwekundu. Ni vigumu kumwona kwa macho. Unaona kuti limepoteza rangi kama limenyunyiziwa vumbi la fedha. Weka karatasi nyeupe chini, gonga kuti mara tatu, subiri kidogo. Vidoa vikianza kutembea, ni wenyewe. Changanya sabuni ya maji ya vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, usitumie sabuni ya unga. Jaribu kwenye kuti moja kwanza, kesho yake nyunyiza jioni upande wa chini wa makuti yote, uoshe baada ya saa mbili, urudie kila siku sita mara tatu. Kurudia ni lazima kwa kuwa sabuni haiui mayai, na kwa joto letu mayai hayachelewi kuanguliwa. Vidung'ata vyeupe kama pamba huketi kwenye makwapa ya makuti. Vitoe kwa mswaki laini uliochovywa kwenye maji ya sabuni hiyo. Moyo wa mti usiumwagie chochote kinachotuama.

Mbolea kwa ufupi. Penye kivuli kikali cha karatasi, NPK 17:17:17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa sehemu sawa) gramu 15 kwa chungu cha lita 50 kila miezi miwili, baada ya kumwagilia, mbali na shina. Penye kivuli hafifu, nusu yake. Magnesiamu salfeti, gramu 10 katika lita tano za maji, mara moja kwa mwezi. Mti uliokausha mizizi usipewe mbolea yoyote mpaka mkuki uanze kupanda.

Kusoma manjano kuna faida. Makuti ya chini yenye ukanda wa manjano pembeni na kijani katikati yanadai magnesiamu. Ya chini yenye vidoa vya rangi ya chungwa na ncha zilizokufa yanadai potasiamu, na hayo usiyakate mapema, kwa kuwa mti unayanyonya potasiamu kulisha makuti mapya. Ukiyakata, mti unakwenda kunyonya ya juu yake. Kuti jipya likitoka dogo, limekunjamana kama limeunguzwa, ni manganisi, na kwa udongo wenye chokaa hilo ni la kawaida hapa. Ncha kahawia ukitaka kuzipunguza kwa mkasi, acha uzi mwembamba wa kahawia. Ukiingia kwenye kijani, kidonda kitakauka upya. Mkuki ukivutika kwa vidole viwili ukatoka na harufu mbaya, moyo umeoza. Kwa areka, kata shina hilo, mengine yataendelea. Kwa pamu ya shina moja, mara nyingi ndio mwisho wake.

Kurudisha nje kuna hatari kuliko kuingiza. Upepo unatulia Oktoba, na hapo ndipo jua la adhuhuri liko utosini Mombasa. Kuti lililotoka ndani halijawahi kuona jua hilo, linaungua kwa siku moja na halirudi kijani. Wiki ya kwanza weka kivulini kabisa, ya pili na ya tatu jua la asubuhi mpaka saa tatu, kisha ongeza saa moja kila siku tatu.