Kabla ya Kushangilia, Omba Hesabu

Msomaji anauliza: mwanzilishi akitangaza kwamba kampuni yake ina thamani ya dola milioni 20 na watumiaji 500,000, tuseme amefanikiwa? Kwa tangazo hilo peke yake, bado.

Thamani kwanza, kwa kuwa ndiyo inayolewesha watu. Mwekezaji akitoa dola milioni 1 akapewa asilimia 5 ya hisa, kampuni nzima huhesabiwa kuwa ya milioni 20. Kilichoingia benki ni milioni 1. Tena mara nyingi hisa hizo huja na sharti kwamba kampuni ikiuzwa, mwekezaji arudishiwe mtaji wake kwanza. Ikiuzwa kwa milioni 1, mwanzilishi mwenye asilimia 95 anaondoka mikono mitupu. WeWork, kampuni ya Marekani ya kukodisha ofisi za pamoja, ilipewa thamani ya dola bilioni 47 Januari 2019. Novemba 2023 ilikuwa mahakamani ikiomba kinga dhidi ya wadai.

Idadi ya waliojisajili nayo haishuki hata siku moja, ndiyo maana inapendwa. Omba kitu kingine. Chukua watu 1,000 waliojisajili mwezi mmoja, uhesabu waliofanya tendo lenyewe (kulipa, kuagiza, kutuma) mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Wakiwa 400, 250, 240, bidhaa imepata wenyewe. Wakiwa 400, 90, 10, matangazo yanajaza pakacha. Rudia kwa makundi ya miezi sita mfululizo. Ondoa akaunti za wafanyakazi na za majaribio, na makundi ya miezi ya ofa yatazame peke yake, maana ofa huvuta watu wasiorudi. Kufungua programu tu kusihesabiwe. Arifa moja ya usiku inatosha kuwafungulisha maelfu.

Kwenye mapato ndiko kiki nyingi hufia. Soko la mtandaoni likipitisha oda za dola 100,000 kwa kamisheni ya asilimia 8, mapato yake ni 8,000, si 100,000. Toa ada ya malipo ya asilimia 2.5, yaani 2,500, kisha punguzo la bei la 6,000 ambalo kampuni imelibeba yenyewe. Imebaki hasara ya 500, na mishahara haijaguswa. Mauzo yakiongezeka maradufu kwa mtindo huohuo, hasara nayo inaongezeka maradufu.

“Ushirikiano” na barua ya nia (karatasi ya mteja kusema anakusudia kununua, bila kujifunga) vipite. Uliza ankara iliyolipwa, na kama mteja alilipa tena mkataba ulipokwisha.

Na bidhaa ijaribiwe kwa data yako, siku uliyochagua wewe. Video haitoshi: mwaka 2020 Nikola, kampuni ya Marekani ya malori ya umeme na hidrojeni, ilikiri kwamba lori lililoonekana likikimbia kwenye video yake ya 2018 halikuwa likiendeshwa na mitambo yake. Lilikuwa likiteremka mlima.

Mailchimp, huduma ya kutuma barua pepe za matangazo, ilianza 2001, haikuchukua pesa ya mwekezaji wa nje, na mwaka 2021 ikanunuliwa na Intuit, kampuni ya programu za uhasibu, kwa takriban dola bilioni 12. Miaka yote hiyo wateja ndio walioilipia mishahara.